Jicho likitolewa, ini linaangaliwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ile makala yenu ya melanoma, saratani ya ndani ya jicho, nimeshindwa kuinyamazia.

Mwandishi wenu kaiita ugonjwa wa Wazungu, na kamfanya kila aliyetolewa jicho aonekane ameponzwa na umaskini, kwamba mwenye fedha angepanda ndege akabaki na jicho lake. Kweli, huwapata zaidi watu weupe wenye macho ya rangi nyepesi, kama bluu. Lakini marehemu mume wangu alikuwa Mnyakyusa wa hapa Rungwe, na ilimpata. Siku makala ilipotoka, wakwe zangu walinipigia simu kuniuliza kwa nini nilikubali jicho la mtoto wao litolewe.

Binti yangu anasomea uuguzi, akanitafutia utafiti. Marekani na Kanada waliwafuatilia wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa ukubwa wa kati. Kuna waliotolewa jicho, na kuna walioshonewa juu ya jicho kisahani kidogo chenye mionzi ya ayodini 125. Majibu yalitoka mwaka 2001: baada ya miaka mitano, asilimia 81 ya waliotolewa jicho walikuwa hai, na asilimia 82 ya waliowekewa kisahani. Kisahani huokoa jicho, na hilo si jambo dogo, lakini maisha hayakutofautiana. Mwandishi angeandika hayo, simu ile nisingeipokea.

Kilichotuumiza sisi kilikuja baadaye, na makala haikukigusa kabisa. Melanoma ya jicho husafiri kwa damu, na mara nyingi sana hukimbilia ini. Takriban nusu ya wagonjwa saratani huwafikia huko, wengine baada ya miaka mingi, hata kama jicho lilitibiwa vizuri. Hospitali iliyomtoa mume wangu jicho ilimpa karatasi ya kurudi nyumbani iliyoandikwa kwa kalamu: "Arudi akipata tatizo." Ini halikutajwa. Tulimshukuru Mungu, akarudi kwenye chai yake na migomba yake, watu wakamwita mzima. Alipoanza kukataa chakula na mkanda kumlegea kiunoni tulidhani ni vidonda vya tumbo. Ultrasaundi ilipopigwa, ini lilikuwa limeshajaa uvimbe. Kipimo hicho kipo hapa hapa Tukuyu, Mhariri! Wajawazito wanapimwa kila siku. Sisemi kingemponya, maana ugonjwa huo ukishafika kwenye ini tiba ni chache. Lakini uvimbe ukiwa mmoja au miwili, madaktari wana la kujaribu. Sisi tuliambiwa hakuna.

Na hawa wenye maduka ya dawa baridi! Mume wangu alilalamika kwamba anaona kama pazia jeusi linashuka pembeni mwa jicho. Muuzaji akammulika kwa tochi ya simu, akamuuzia matone, chupa ikiisha anauza nyingine. Pazia machoni halitibiwi dukani. Mtu huyo anapaswa kutiwa dawa ya kutanua mboni na kuangaliwa ndani ya jicho, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Ninachotaka ni kadi. Mama mjamzito anapewa kadi ya kliniki, na akiisahau nyumbani nesi anamgombeza. Aliyetibiwa melanoma ya jicho apewe ya kwake, ya karatasi ngumu, kwa Kiswahili: jina la saratani, majibu ya maabara ya kile kilichotolewa, na tarehe ya kupima ini kila miezi sita, mistari itoshe miaka kumi, kila mstari na nafasi ya mhuri. Kiwanda cha uchapaji hakihitaji mfadhili kwa hilo.

Na gazeti lako lichapishe habari ya ini, ukurasa ule ule mlioweka makala.

Mjane, Tukuyu, Mbeya