Hiari gani hii inayorudisha mtoto nyumbani?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma mwaka wa 19 sasa, nikimaliza nalikatia vipimo vya suruali, na sijawahi kukuandikia. Ila yule mtaalamu wenu wa Jumapili, aliyetutaka walezi tuweke daftari la gharama za mtoto na tukate "yasiyo ya lazima", kanichefua.

Daftari ninalo. Ada ya shule ya msingi ilifutwa enzi za Mkapa, na michango ya lazima ikapigwa marufuku Januari 2016. Tukashangilia. Kumbe ndiyo kwanza neno "hiari" linazaliwa. Mjukuu wangu yuko darasa la nne, shule ya serikali: rimu ya karatasi, fagio la chelewa, mlinzi 2,000, uji 300 kila siku, mtihani wa Ijumaa 500, na tuisheni 500 kila jioni, mwalimu yuleyule, ubao uleule, isipokuwa kinachofundishwa jioni ndicho kinachotoka Ijumaa. Juzi mtoto karudi saa tatu asubuhi, begi mgongoni, nyuma ya daftari kaandikiwa kwa wino mwekundu: deni 1,500. Nikaacha suruali ya mteja ina mguu mmoja, nikaenda. Mkuu wa shule akanijibu kwa upole, "Mzee, huo ni mchango wa hiari, kamati ilishapitisha." Nikamuuliza, kama ni hiari huyu karudishwa kwa lipi? Akasema ni utaratibu.

Natoka, nakabidhiwa karatasi nyingine, ya mdogo wake: mahafali ya darasa la awali, 25,000. Keki, muziki, kukodi joho. Mtoto wa miaka mitano, kamasi bado namfuta mimi, anahitimu nini? Na kwenye majoho msinidanganye, nayashona mwenyewe. Kitambaa chake hakifiki hata nusu ya hela wanayokodishia, na mwakani joho ni lilelile, pindo tu ndilo limechakaa.

Shule ziandike bei ukutani, pembeni ya kengele, kama wauza chipsi: hiari kwa rangi ya kijani, lazima kwa nyekundu. Na mtaalamu wenu aje Mbagala Ijumaa yoyote, nitampa kigoda na daftari langu, aanze kukata. Mkasi aje na wake, wangu ni wa vitambaa tu.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam