Hitaji la timu lisiwe mizani ya mchezaji

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa michezo kuhusu drafti ya ligi ya NFL, yaani ule uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu 32 za kandanda ya Marekani hupokezana zamu kwa raundi saba kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, na klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita hutangulia. Mwandishi anashikilia kwamba kila klabu ianze kwa kuorodhesha mapengo ya kikosi chake, kisha imtafute mchezaji wa kuziba lile lililo kubwa kuliko yote. Nawashukuru kwa kulipa jambo hili nafasi, kwa kuwa wengi wetu tunaoishi huku tumeuzoea mchezo huu bila kupata maandishi ya kutosha juu yake katika lugha yetu. Hata hivyo, naamini ushauri huo unapotosha, na ninaomba kueleza sababu kwa kuitazama klabu ya hapa kwetu Minnesota, Vikings, ambayo imewateua wadakaji wa pasi (wachezaji wanaokimbia mbele kuupokea mpira unaorushwa) mara nyingi katika raundi ya kwanza, na ambayo teuzi zake tatu za nafasi hiyo zinafundisha zaidi ya nadharia yoyote.

Mwaka 1998 Vikings hawakuhitaji mdakaji hata kidogo. Walikuwa na Cris Carter na Jake Reed, ambao kwa misimu minne mfululizo, kuanzia 1994 hadi 1997, kila mmoja wao alikuwa amevuka yadi 1,000 za kudaka kila msimu. Orodha yoyote ya mapengo ingeiweka nafasi hiyo mwisho kabisa. Lakini ilipofika zamu ya 21, Randy Moss wa Chuo Kikuu cha Marshall alikuwa bado hajachukuliwa, kwa kuwa klabu nyingi ziliogopa historia yake ya utovu wa nidhamu nje ya uwanja, na Vikings wakamchukua. Katika msimu wake wa kwanza alifunga tachidauni 17 (yaani mabao ya kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani) kwa kudaka, timu ikashinda mechi 15 na kupoteza moja tu katika msimu wa kawaida. Dallas Cowboys, waliokuwa na zamu ya nane, walimpita wakamchagua Greg Ellis, mchezaji wa safu ya mbele ya ulinzi ambayo walihitaji kuiimarisha. Ellis hakuwa uteuzi mbaya. Aliitumikia klabu hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja. Lakini Siku ya Shukrani ya mwaka huohuo, Moss alikwenda Dallas akadaka pasi tatu pekee, zote tatu zikawa tachidauni, kwa jumla ya yadi 163. Tofauti kati ya mchezaji mzuri anayeziba pengo na mchezaji wa kipekee asiyeziba pengo lolote ilionekana mbele ya taifa zima.

Miaka saba baadaye klabu hiyohiyo ilifuata kanuni ambayo mwandishi wenu anaipendekeza. Mapema mwaka 2005 walimhamishia Moss Oakland Raiders, na katika mabadilishano hayo wakapata zamu ya saba ya drafti. Pengo lilikuwa wazi kwa kila mtu: mdakaji mwenye kasi ya kutisha alikuwa ameondoka, basi atafutwe mdakaji mwenye kasi ya kutisha. Wakamchagua Troy Williamson wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Kasi alikuwa nayo kweli. Mikono ndiyo iliyomwangusha. Kwa misimu mitatu alifunga tachidauni tatu, kisha akaondoka.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu kosa hili mara nyingi huelezwa vibaya, kana kwamba Vikings walikosa bahati tu. Ninavyoona mimi, hitaji lilibadili macho ya wapimaji. Mtu anayemtafuta mrithi wa mchezaji fulani haulizi tena kama kijana aliye mbele yake anajua kazi ya udakaji. Anauliza kama anafanana na yule aliyeondoka, na sifa moja iliyokosekana hupewa uzito unaozifunika sifa nyingine zote. Mbio za yadi 40, ambazo hukimbiwa kila mwaka katika kambi ya vipimo ya Indianapolis, humsaidia sana mpimaji aliyekwisha kuona mchezaji akicheza, lakini humdanganya yule aliyekuja akitafuta namba. Mdakaji John Ross aliweka rekodi ya sekunde 4.22 mwaka 2017, akachaguliwa wa tisa na Cincinnati Bengals, na kazi yake haikukaribia ahadi ya kasi ile.

Orodha ya mapengo ya mwaka 2005 ilificha jambo lingine zito zaidi. Nafasi ya kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, haikuwemo, kwa sababu Daunte Culpepper alikuwa ametoka kurusha tachidauni 39 katika msimu wa 2004. Vikings walikuwa na zamu mbili katika raundi ya kwanza, ya saba na ya 18, na mara zote mbili Aaron Rodgers alikuwepo. Hatimaye alichukuliwa wa 24 na Green Bay Packers, wapinzani wetu wa karibu, ambao wao ndio hawakuwa na haja ya kwotabeki kabisa, kwa kuwa Brett Favre alikuwa bado anacheza kila mechi. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo Culpepper aliumia goti vibaya, na msimu uliofuata hakuwa tena mchezaji wa Minnesota. Nafasi iliyoonekana imeshiba mwezi Aprili ilikuwa jangwa kabla mwaka haujakwisha, huku Rodgers akikaa benchi misimu mitatu, kisha akitwaa ubingwa wa msimu wa 2010 na tuzo nne za mchezaji bora wa ligi. (Favre mwenyewe alikuja kuvaa jezi ya Vikings mwaka 2009, jambo linaloonyesha jinsi pengo lile lilivyotutesa kwa muda mrefu.) Sisemi kwamba kila mtu alipaswa kumjua Rodgers mapema, klabu nyingi zilimpita. Ninasema kwamba klabu iliyojiambia haina haja naye ilijinyima hata nafasi ya kumpima kwa haki.

Mwandishi wenu anaweza kunijibu kwa mfano wa 2020, na ni mfano wenye nguvu. Mwezi Machi mwaka huo Vikings walimwuza Stefon Diggs kwa Buffalo Bills, wakapata pamoja na mambo mengine zamu ya 22, na kwa zamu hiyo wakamchagua mdakaji, Justin Jefferson wa Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU). Hitaji lilikuwa lilelile la 2005, utaratibu ukafanana, na matokeo yakawa kinyume kabisa: yadi 1,400 katika msimu wa kwanza, kisha yadi 1,809 mwaka 2022, nyingi kuliko mdakaji mwingine yeyote wa ligi msimu huo. Je, hitaji halikumwongoza vizuri mteuzi safari hii?

Nadhani jibu liko zamu moja nyuma. Philadelphia Eagles walikuwa na zamu ya 21, nao pia walihitaji mdakaji, na Jefferson alikuwepo. Wakamchagua Jalen Reagor, mchezaji mwenye mbio na mruko, wa aina ambayo kikosi chao kilikosa. Jefferson alikuwa ametoka kudaka pasi 111 na tachidauni 18 katika timu ya LSU iliyotwaa ubingwa wa vyuo bila kufungwa, lakini kwa sababu msimu huo alicheza zaidi upande wa ndani, karibu na katikati ya uwanja, wako waliomwona kuwa hawezi kazi ya pembeni. Klabu mbili, hitaji moja, zamu mbili zinazofuatana, na hatima tofauti kiasi hiki: basi hitaji si jambo lililotenganisha uamuzi mzuri na mbaya. Kilichotenganisha ni kwamba Vikings walipima mchezaji alivyocheza, na Eagles walipima aina ya mchezaji waliyemkosa. Miaka miwili baadaye Reagor mwenyewe aliuzwa, na klabu iliyompokea ikawa ni Vikings.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba madaraja ya wachezaji yakamilishwe na kufungwa kabla ya mtu yeyote kuitazama orodha ya kikosi. Wasaka vipaji watazame mechi, waulize makocha wa vyuo, wapokee taarifa za madaktari, kisha wampe kila kijana daraja lake kana kwamba hajulikani atakwenda klabu gani. Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, iingizwe thamani ya nafasi, ambayo watu wengi huichanganya na hitaji ingawa ni kitu tofauti kabisa. Tangu makubaliano ya kazi ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya huamuliwa na zamu aliyochaguliwa, si na nafasi anayocheza. Sam Bradford, wa kwanza katika drafti ya 2010, alipewa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78; Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, alipata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Kwa kuwa kila klabu ina kikomo cha jumla ya mishahara, mdakaji bora au mvamizi bora wa kwotabeki (mlinzi anayemkimbilia ili kumwangusha) katika mkataba wake wa kwanza huiokolea klabu fedha nyingi sana, ilhali mbebaji mpira bora, yule anayekimbia na mpira mkononi, huokoa kidogo, kwa sababu hata sokoni bei yake ni ya chini. Jefferson alipoongezewa mkataba mwaka 2024, alipewa dola milioni 140 kwa miaka minne. Mtu akitaka kujua zamu ya 22 ilikuwa na thamani gani katika miaka iliyotangulia, hesabu ni hiyo.

Hitaji liachiwe kazi moja: kuvunja usawa pale wachezaji wawili wenye daraja moja wanapobaki mezani. Mengine yazibwe mwezi Machi, sokoni kwa wachezaji huru, ambako klabu hununua mtu ambaye tayari amecheza katika ligi yenyewe na uwezo wake unajulikana.

Ipo pia hoja ya unyenyekevu. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013, walionyesha kwamba mchezaji aliyechaguliwa mapema alimzidi yule aliyefuata wa nafasi hiyohiyo kwa takriban asilimia 52 tu ya nyakati. Wengine hutumia matokeo hayo kudai kwamba klabu iuze zamu za juu na kukusanya nyingi za chini kila inapowezekana. Ninakubaliana nao kwa sehemu kubwa, lakini kushuka nako hakumwondolei mtu wajibu wa kupima. Mwaka 2022 Vikings walishuka kutoka zamu ya 12 hadi ya 32, na kwa zamu hiyo wakamchagua Lewis Cine, mlinzi wa nyuma, nafasi waliyokuwa wakitaka kuiimarisha. Kijana huyo alivunjika mguu mjini London Oktoba ya mwaka huo, na mwaka 2024 akaachwa. Jeraha halina wa kulaumiwa. Lakini Kyle Hamilton, mlinzi wa nyuma ambaye wengi walikuwa wamempa daraja la juu zaidi, alikuwepo ilipofika ile zamu ya 12 waliyoiachia, akaenda kwa Baltimore Ravens zamu mbili baadaye.

Ningeomba dawati lenu la michezo, litakapoandaa kurasa za drafti ijayo, lisiishie kwenye jedwali la mapengo ya kila klabu. Lichapishe pia, kwa kila klabu, majina ya wachezaji wa kikosi cha kwanza ambao mikataba yao itakwisha ndani ya misimu miwili, pamoja na umri wao. Mchezaji anayechaguliwa leo anafungwa kwa miaka minne, na wa raundi ya kwanza klabu inaweza kumwongezea mwaka wa tano, na katika muda huo nusu ya majina yanayoonekana sasa kuwa na nafasi za kudumu hayatakuwepo.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Minnesota