Aliyetia saini nyumba zetu ajulikane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo mimi na majirani zangu tumelisemea kwa mdomo kwa muda wa miaka mitatu bila ya kupata wa kutujibu. Sisi ni wenye nyumba 11 zilizojengwa na mjenzi mmoja katika eneo moja, nje kidogo ya mji wa Unguja, na tulizinunua kwa kulipa kidogo kidogo hadi tukakabidhiwa funguo mwaka 2019. Mjenzi huyo simtaji, wala ofisi tulizozifikia sizitaji, kwa sababu sikusudii kumtia mtu aibu gazetini kabla hajasikilizwa. Ninachotaka ni kuuliza suali moja ambalo naamini linawahusu watu wengi kuliko sisi: nyumba ikishapasuka, ni nani aliyeikagua ilipokuwa inajengwa, na jina lake limeandikwa wapi?

Masika ya mwaka 2022 niliona ufa mwembamba juu ya mlango wa chumba cha watoto, uliopanda mshazari mpaka kwenye bimu. Fundi aliyejenga nilimpigia simu, akasema ni plasta tu inayovuta, na kwa kuwa ni kweli plasta huvuta, nilimwamini, nikaziba na kupaka rangi. Masika yaliyofuata ufa ulirudi mahala pale pale, safari hii unaingia sarafu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwashi aliyekwishaacha kazi kwa umri, alikuja akautazama, akaniomba kipande cha kioo chembamba, akakibandika kwa saruji kuvuka ufa, na pembeni yake akaandika tarehe kwa penseli. "Kikikatika," alisema, "basi kinachotembea si plasta, ni nyumba." Kilikatika siku ya 22.

Miezi michache baadaye bonge la zege, ukubwa wa sahani ya wali, lilianguka kutoka dari ya baraza baada ya sala ya magharibi, pale pale ambapo wanangu walikuwa wamekaa na juzuu zao dakika chache kabla. Lilipotoka, nondo ilibaki wazi, nyekundu kwa kutu, inabanduka maganda ukiigusa kwa ukucha. Yule mzee aliokota bonge lile, akalivunja kwa nyundo na kutuonesha vipande vya makome vilivyokuwamo ndani yake, kisha akatia unga wake kwenye ncha ya ulimi, akatema, akasema neno moja tu: "Pwani."

Kwa asiyelijua jambo hili nitaeleza kama nilivyoelezwa na mhandisi tuliyemwita baadaye. Chuma kilichozikwa katika zege safi hulindwa na saruji yenyewe, lakini chumvi ya bahari ikiwamo ndani ya mchanganyiko huivunja kinga hiyo, na kutu inayoota huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikawa inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kumwagika. Ndiyo maana ufa wa namna hii hauponi kwa kuzibwa. Mambo huzidi pale nondo zinapolazwa juu ya mbao bila ya vile vidonge vya saruji ambavyo mafundi huviita biskuti, kwa sababu zege la kuzifunika huwa jembamba, na hewa yetu ya kisiwani haihitaji mwaliko.

Wala siwalaumu mafundi peke yao. Mchanga hapa Unguja ni tatizo la kila anayejenga. Mashimo mengi yaliyokuwa yakichimbwa yamekwisha, kuchimba kunataka kibali, na gari moja la mchanga halali hupatikana kwa kungojea na kwa bei inayomfanya mtu ahesabu mara mbili. Mchanga wa ufukweni uko karibu, na ijapokuwa kuuchota ni kosa, huletwa usiku bila ya risiti. Mchimbaji anajua ameutoa wapi, dereva anajua, fundi anajua kwa kuushika tu. Asiyejua ni yule anayekuja kununua nyumba iliyokwisha kupakwa rangi.

Tulipoanza kuulizia tulizungushwa kwa heshima kubwa. Mjenzi alitwambia kwamba ramani ilipitishwa, na kama palikuwa na kosa basi wakaguzi wangeliliona. Ofisi iliyotoa kibali ilitwambia kwamba wao walipitisha ramani, hawakupitisha kazi. Ofisi ya pili ilitutaka tupeleke barua ya sheha. Sheha, namshukuru, aliiandika siku ile ile, lakini tuliporudi nayo tuliambiwa kwamba jalada letu liko kwa ofisa aliyehamishwa. Nakala ya kibali ninayo mkononi. Ina mihuri miwili na saini moja isiyosomeka, na haina hata mstari mmoja unaosema nani aliuangalia msingi kabla haujafukiwa, nani alizihesabu nondo kabla zege halijamwagwa, siku gani, na alikuta nini. Mahkama ipo, na mwanasheria alitushauri twende, isipokuwa jambo la mwanzo alilotuuliza lilikuwa ushahidi, na ushahidi wetu uko chini ya sakafu tunazolalia.

Liko jambo moja linaloniudhi kuliko hayo. Serikali inapojengesha skuli au kituo cha afya, mkataba huzuia sehemu ya fedha za mkandarasi mpaka kipindi cha matazamio kimalizike, na kasoro ikijitokeza ndani ya kipindi hicho mkandarasi hurudi kuirekebisha kwa gharama zake, si kwa sababu ana moyo mwema kuliko wengine, ila kwa sababu fedha yake bado iko mkononi mwa mwenye mali. Mwananchi anayenunua nyumba hulipa yote hadi shilingi ya mwisho ndipo apewe ufunguo, na kuanzia siku hiyo hana cha kumzuilia mtu. Kinga ambayo Serikali imejiwekea yenyewe, yenye wahandisi na wanasheria wake, haikumuwekea mwalimu wa skuli aliyeuza shamba la mikarafuu la urithi ili apate vyumba vitatu. Jirani yangu mmoja ndivyo alivyofanya.

Kwa hivyo tunaomba mambo mawili, na hayahitaji ofisi mpya wala magari mapya. La kwanza ni kwamba kila nyumba inayojengwa kwa kuuzwa iwe na karatasi ya ukaguzi ya kila hatua, kuanzia msingi, nondo hadi zege la juu, yenye jina la mkaguzi lililoandikwa kwa herufi za kusomeka na namba yake ya usajili, pamoja na majibu ya zege lililochotwa katika kalibu za chuma siku ya kumwaga na kuvunjwa kwa mashine baada ya siku 28 ili kupima nguvu zake, na nakala ya karatasi hiyo akabidhiwe mnunuzi pamoja na ufunguo, isibakie katika jalada linaloweza kuhama na ofisa wake. La pili ni kwamba mnunuzi naye aruhusiwe kisheria kuzuia sehemu ya bei kwa muda usiopungua masika mawili. Nasema masika kwa makusudi, kwa kuwa nyumba ya Unguja haisemi ukweli wakati wa kiangazi.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatapandisha bei za nyumba. Huenda yakapandisha kidogo. Ila mjenzi aliyemudu kutuwekea geti la nakshi na taa za bustani, naamini angelimudu pia kuchota zege katika kalibu tatu.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka ikiwa katika ukarabati na watu wawili wakafariki, nchi nzima ilisimama na kuuliza. Ghorofa la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, iliundwa tume ya kuyaangalia majengo ya eneo lile. Ni haki kufanya hivyo. Nyumba zetu hazina jina na haziko kando ya barabara kubwa. Zinaanguka kwa mabonge ya ukubwa wa sahani, moja leo na jengine baada ya miezi minne, na kwa bonge moja haiundwi tume.

Mwezi uliopita tulichanga, tukamleta mhandisi wa kujitegemea akapita nyumba zote 11. Ameandika kurasa sita, na mwisho wake ameweka jina lake kamili na namba yake ya usajili, ikawa ndiyo karatasi ya kwanza katika habari yote hii yenye jina linalosomeka. Anasema nyumba nne, yangu ikiwamo, mabaraza yake yategemezwe kwa magogo na yasikaliwe mpaka yavunjwe na kujengwa upya. Nakala za ripoti hiyo tumezipeleka katika ofisi zote tulizokwenda mwanzo, tukaomba kitu kimoja, nacho ni tarehe ya mtu kuja kuangalia.

Wanangu sasa wanasomea ndani. Kioo cha pili tumekibandika tarehe 3 ya mwezi huu, na mpaka ninapoandika barua hii bado ni kizima.

Wako,
Mwenye nyumba,
Unguja