Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyefuta sura tisa

Mdogo wangu,

Mama mdogo kaniambia hupokei simu ya mtu tangu Jumamosi, nikajua tu, maana usiku ule niliingia kusoma nikakuta hadithi yako ya kishabiki haipo, ile uliyotunga kutoka Supernatural, tamthilia ya Kimarekani ya ndugu wawili, Dean na Sam, wanaowinda mapepo, sura tisa zote umefuta. Na sababu naijua, ni yule aliyekuandikia Mary Sue chini ya sura ya tisa, maneno mawili basi, hakusema wapi pamekosewa wala nini hakukipenda, katupa jiwe kaenda zake. Mi simu yangu pia hupokei, kwa hiyo naandika hapa hadharani, najua unachungulia.

Hilo jina lina kwao bwana. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Paula Smith, aliandika kihadithi cha utani kwenye jarida linaloitwa Menagerie, la mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya meli ya angani na kapteni wake Kirk, kinamhusu Luteni Mary Sue, binti wa miaka kumi na tano na nusu, ndo luteni mdogo kuliko wote, Kapteni Kirk anamwona tu kashapenda, anaweza kila kitu, halafu mwisho anakufa meli nzima inalia. Alikuwa anawatania mashabiki wenzake kwa sababu hadithi za hivo zilikuwa zimejaa kwenye majarida yao, na toka hapo mhusika wa kutungwa anayeweza kila kitu na kupendwa na wote ndo anaitwa Mary Sue. Sasa we jiulize, kama zilijaa si maana yake kila mtu aliingilia mlango huohuo? Aibu inatoka wapi?

Na hao walikuwa wanaandika kwa shida kweli. Jarida lao la Spockanalia lilitoka 1967, tamthilia yenyewe imeanza Septemba 1966, yaani mapema hivo watu walishaanza kujiandikia ya kwao. Taipureta, kurudufu, posta. Mtu akitaka kukutukana ilibidi anunue stempu kwanza, na nadhani stempu iliokoa wengi.

Mi mwenyewe nilianzia bwenini, kidato cha pili, kwenye kaunta buku, naandika mwendelezo wa tamthilia moja ya Kifilipino ambayo tulikuwa tunaiona likizo tu kwa hiyo katikati hatujui kimetokea nini, najaza mwenyewe. Msichana wangu alikuwa na nywele mpaka kiunoni na anaongea lugha sita. Lugha sita! Kaunta buku linazunguka bweni hadi bweni, linarudi na mafuta ya maandazi na maneno pembeni, "huyu mwanaume aachwe", "mbona hawajaoana mpaka leo", mmoja akaandika "hapa sijaelewa, kwani si alikuwa hospitali?" na kweli nilikuwa nimemsahau hospitali. Huyo aliyeuliza ya hospitali ndo kanifundisha kuandika kuliko mtu yeyote. Siku hizi wanamwita beta, msomaji anayepitia kabla hujaweka mbele za watu. Matroni alilikamata kaunta buku muhula wa pili na sijaliona tena mpaka leo, kwa hiyo na mimi hadithi iliyopotea naijua inavyouma, ila yangu niliporwa, yako umeichoma mwenyewe.

Haya tuje kwa Neema, yule mhusika uliyemtunga ukamwingiza kwenye Supernatural. Nakwambia kama beta wako sio kama dada: Neema ana tatizo. Katoka Tanga, kafika Kansas sijui kwa nauli ya nani, sura ya kwanza tu Dean Winchester kamkabidhi funguo za gari lake, Impala. Mdogo wangu. Ile Chevrolet ya 1967 Dean ameirithi kwa baba yake, anaiita mtoto wake, mdogo wake wa damu Sam mwenyewe anapewa kwa masharti, leo mgeni wa dakika kumi? Hapo msomaji anashtuka, hamchukii Neema, anaona tu Dean kapotea kaletwa mtu mwingine kavaa koti lake. Mhusika wako anaruhusiwa kuwa hodari, ila wale wa kwenye TV wabaki walivyo. Mnyime funguo. Mwache akae kiti cha nyuma sura tatu, atapike hata, safari ndefu ile.

Lakini nataka nikukumbushe sura ya nne. Supernatural ilirushwa miaka 15, kuanzia 2005 mpaka 2020, vipindi 327, na watu wameiandikia hadithi nyingi mno, tamthilia yenyewe ilifika mahali ikawatania mashabiki wake wanaoandika, ndugu wale wanakuta hadithi zao wenyewe mtandaoni. Lakini katika zote nilizosoma hakuna aliyewahi kujiuliza ulichojiuliza wewe: Castiel ni malaika, mkubwa kuliko milima, ndo aliyemtoa Dean motoni, sasa anasalimiwaje? Kwa Kiingereza swali halipo. Kwa Kiswahili halikwepeki, ukifungua mdomo tu umeshasema we ni nani kwake. Ukamfanya Dean aseme "oya", sawa kabisa, Dean hana adabu akiogopa ndo anatania zaidi, na Castiel ukampa Kiswahili cha taarifa ya habari ya saa mbili, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Halafu Neema, mtoto wa Tanga, akainama akasema shikamoo. Na malaika akakaa kimya. Hajawahi kusikia, hajui inaitikiwaje, na Neema akabaki ameinama anasubiri marahaba ambayo haiji.

Nimesoma hapo mara nne. Yule wa Mary Sue alipita hapohapo na hakuona, au hakujua kinachoendelea, au alikuwa na usingizi, mi simjui.

Kingine, ulikuwa na njia nyingine. Ile AO3 ulikoweka, hifadhi ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki, mashabiki waliijenga wenyewe, 2007 mtandao mmoja walikokuwa wanaandikia ulifunga kurasa nyingi kwa mpigo bila kuwauliza, mwaka huohuo wakaunda shirika lao, 2009 wakafungua, mpaka leo wanaojitolea ndo wanaiendesha kwa michango, matangazo hakuna. Na kwa sababu wanajua watu wanachoka, wanaona haya, wanaolewa, wakaweka kitu cha kuifanya hadithi yatima: jina lako linatoka, hadithi inabaki kwa waliokuwa wanaifuata. Walikuwepo wanaoifuata. Kuna mmoja kila sura alikuwa anakuachia "next plz", sasa hivi anahangaika.

Sura ya kwanza mpaka ya sita ninazo kwenye imeli, ulinitumia mwenyewe zikiwa na makosa yote, "alimpigia" umeandika "alimpiga" na maana imebadilika vibaya sana. Ya saba, nane na tisa sina. Kama uliandika kwanza kwenye lile daftari la jalada jekundu nipigie picha kurasa, hata zikiwa na giza, nitachapa mimi wikiendi hii. Na uniambie Castiel alijibu nini, maana sura ya tano ulirukia Wichita na Neema nimemwacha kainama.

Dada yako