Treni inaenea kwenye sutikesi, tusiambiwe ni hobi ya wenye nyumba kubwa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msinikate sana maana hili jambo nalipenda kweli kweli. Kwenye makala yenu ya wikiendi kuhusu watu wanaojenga reli ndogo za mfano, mwandishi wenu aliandika kwamba hii ni hobi ya watu wenye chumba kizima cha ziada, akaishia hapo hapo. Jamani! Mnajua ni wasomaji wangapi wanaishi chumba kimoja na walikuwa wanatamani kuwa na treni yao, wakasoma mstari ule wakafunga gazeti? Reli nzima yenye milima, handaki, stesheni na mji wa ajabu ajabu inaenea ndani ya sutikesi ya kawaida, ile unayoingia nayo kwenye ndege, ukimaliza unafunga unaipandisha juu ya kabati, habari imeisha.

Naelewa wazo lile limetoka wapi. Mtu akisikia reli ya mfano anafikiria Miniatur Wunderland kule Hamburg, ile iliyoanzishwa na mapacha Frederik na Gerrit Braun ikafunguliwa 2001, ambayo sasa ina zaidi ya kilomita 16 za reli. Ni kazi kubwa, sina ubishi. Lakini ile ni skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87 kutoka kile cha kweli, na skeli ndiyo inayoamua kila kitu hapa, na makala haikuigusa hata kidogo.

Iko hivi. Treni haipindi popote unapotaka wewe, kila skeli ina kona kali ya mwisho ambayo injini inapita bila kuruka reli. Kwenye 1:87 kona kali ya kawaida ya dukani nusu kipenyo chake ni sentimita 36 hivi, kwa hiyo duara zima sentimita 72, na hapo hujahesabu behewa linavyotokeza nje ya reli likikata kona. Sutikesi ya hivyo utaibeba na nani? Ukishuka kwenye 1:160, yenye reli za upana wa milimita 9, unaweza kupata kona ya sentimita 19 na kidogo, sutikesi kubwa inaipokea. Ila moyo wangu mimi uko kwenye 1:220, ile waliyoileta Märklin wa Ujerumani mwaka 1972, reli yake ina upana wa milimita 6.5 tu na kona yao kali kabisa ni milimita 145. Duara linakuwa milimita 290, ongeza nafasi ya mabehewa kupumua unafika kama sentimita 32. Sutikesi ya mkononi yenye sentimita 35 kwa 50 ndani imetosha, unanyoosha duara kidogo pembeni unapata sehemu ya stesheni na bado kuna pembe za kuweka mlima. Mtu mzima kwenye skeli hiyo ana urefu wa milimita 8, unamshika kwa kibanio na unapaka rangi shati lake kwa brashi yenye nywele chache sana huku umeshikilia pumzi.

Wapo wanaosema nenda kwenye ile ndogo zaidi ya Wajapani, ya 1:450, reli milimita 3, ambayo magurudumu yake yana sumaku ili yasiachie reli. Ni nzuri, na inaenea hata kwenye boksi la viatu, ila kwa kazi ninayoisema mimi ni ndogo mno, huwezi kumwekea abiria sura akaonekana amenuna.

Na abiria lazima waonekane wamenuna, au wamefurahi, au wamesinzia, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kufika. Kwenye sutikesi usihangaike kunakili reli ya kweli. Chukua ile kona ya milimita 145 uikuze mara 220, unapata mita 32 hivi. Hakuna treni ya masafa inayopinda kwenye mita 32, reli kuu zinataka mamia ya mita. Yaani hata ukijenga stesheni ya matofali ikafanana na ya kweli mpaka bati la paa, reli yenyewe imeshakusuta. Nafasi ndogo imekunyima uhalisia, ndiyo, lakini imekupa ruhusa ya kujenga nchi ambayo haipo, ambayo treni zake kweli zinapinda hivyo na hakuna anayeshangaa. Mimi naona hiyo ni zawadi, na watu wengi wanaojenga kwenye masanduku wanaipoteza kwa kujaribu kubana kipande cha dunia mle ndani.

Ila kuchekesha si kulipua kazi, hapa naomba nieleweke. Mwaka 1951 kwenye maonyesho makubwa ya Uingereza, mchora katuni Rowland Emett alipewa nafasi pale Battersea, London, akatoa reli iliyotoka moja kwa moja kwenye katuni zake, injini zenye majina kama Nellie na Wild Goose na maumbo ambayo fundi yeyote wa reli angesema haziwezi kutembea. Zikatembea, zikabeba watu, maana chini ya yale mapambo kulikuwa na mashine ya kweli iliyotengenezwa na watu wanaojua reli. Ndiyo siri yenyewe. Mtazamaji atakubali lolote unalomwambia kuhusu nchi yako, konokono awe mkuu wa stesheni, saa ya ukutani iwe na mshale mmoja kwa sababu huko dakika hazihesabiwi, sawa. Treni ikikwama mara moja tu ukaisukuma kwa kidole, nchi nzima imekufa pale pale.

Nitoe mfano wa twiga wangu. Nilitaka twiga asafiri daraja la kwanza, behewa limetobolewa paa shingo itoke juu. Twiga wa mita 5 kwenye 1:220 ni milimita 23 hivi, ukimweka kwenye sakafu ya behewa kichwa kinafika karibu milimita 28 juu ya reli, na handaki langu halikuwa na urefu huo wala sikutaka liwe nao kwa sababu mlima ungekuwa mnene ukala stesheni. Basi handaki likachongewa mfereji mwembamba juu, kuanzia mlangoni mpaka linapotokea upande wa pili, shingo inapita humo, na ukitazama mlima kutoka juu unaona kichwa cha twiga kinateleza kwenye majani chenyewe bila treni. Watoto kwa wazee hapo lazima waite mwenzao aje aone. Lakini fikiria kazi iliyomo: mfereji hauwezi kuwa mstari wowote tu, lazima ufuate kona ya reli ile ile, na kwenye kona katikati ya behewa huwa inaingia ndani kidogo ya mstari wa reli wakati ncha zinatokeza nje, kwa hiyo shingo ikiwa katikati ya behewa mfereji unasogezwa ndani, ikiwa mwishoni unasogezwa nje. Halafu uzito. Twiga wa chuma anaangusha behewa kwenye kona, kwa hiyo nimemchonga kwa mti mwepesi, na chini ya sakafu ya behewa nikabandika kipande cha madini ya risasi, uzito ukae chini. Hiyo ndiyo raha ninayoizungumzia Mhariri, unakaa jioni nzima unafanya hesabu za uhandisi kwa ajili ya shingo ya twiga na unazifanya kwa moyo wote.

Mambo mengine niyaseme haraka kwa anayetaka kuanza. Usipandishe reli. Mwinuko wa sentimita 3 kwa kila mita moja tayari ni mkali kwa injini ndogo, na ili reli ipite juu ya reli nyingine unahitaji kama hizo sentimita 3, yaani mita nzima ya kupanda na mita nyingine ya kushuka, wakati mzunguko wako wote ni mita moja na kitu. Badala ya kupandisha reli, shusha ardhi. Weka reli sawa kabisa juu ya povu gumu, lile la mabamba ya kuzuia joto, halafu kata bonde chini yake, pitisha mto, weka daraja, na jicho litasema treni iko juu. Mto ni vanishi inayong'aa, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, kila moja likauke kwanza.

Reli isivuke bawaba. Nimeona michoro ya watu wanaotaka treni itoke chini ipite kwenye mfuniko, inavutia kwenye karatasi tu, kila ukifungua lazima vipande viwili vya reli vikutane sawasawa na sutikesi siyo kitu cha kutulia hivyo. Mfuniko uwe mbingu. Paka rangi, bandika mwezi, na pembeni chini weka kioo chembamba, jenga nusu ya nyumba ikiegemea kioo, nusu ya pili inajikamilisha yenyewe na mtaa unakuwa mrefu mara mbili. Nyumba za mbele kubwa kidogo, za nyuma ndogo, mji utaonekana unaenda mbali.

Umeme: injini nyingi za 1:220 hazitaki zaidi ya volti 8 mpaka 10 kutegemea toleo, soma maandishi yake kabla ya kuunganisha betri yoyote. Tafuta kidhibiti kinachotuma umeme kwa mapigo ya haraka haraka, hicho kinaendesha injini polepole bila kushtuka. Reli safi ndiyo uhai, futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, injini nyepesi hivi inazimishwa na vumbi ambalo hata hulioni. Ukijua kulehemu weka nyaya sehemu mbili au tatu za mzunguko, usitegemee viungio vya reli vipitishe umeme, maana sanduku likibebwa vinalegea.

Na mwendo, tafadhali sana. Treni ya kilomita 50 kwa saa kwenye skeli hii inatakiwa itembee sentimita 6 na kidogo kwa sekunde, yaani mzunguko wangu unachukua karibu sekunde 18. Watu wanafungulia umeme wote treni inazunguka kama feni, inaruka ukingoni, mbio za sakafuni hizo. Ukiipunguza sutikesi inakuwa kubwa, mtazamaji anapata muda wa kumwona bundi anayesoma gazeti pale jukwaani, anapata muda wa kuisubiri itoke handakini.

Kila kitu kigundishwe, kila kitu, isipokuwa treni zenyewe, hizo zichongewe vitanda vyake kwenye sponji pembeni. Kabla hujaiita imekamilika ifunge, isimamishe wima, ipindue, itikise juu ya kitanda, kisha fungua uone nani kaanguka. Anayeanguka anarudishwa na gundi zaidi. Na ukisafiri nayo kwa ndege, betri za lithiamu za akiba zinabebwa mkononi na siyo kwenye mzigo unaopakiwa chini, nyaya zipangwe zionekane vizuri, na pale kwenye ukaguzi waambie mapema kilichomo kabla mashine haijawaonyesha betri na nyaya ndani ya sanduku, usingoje waulize. Mara nyingi wanaomba kuiona ikitembea.

Sasa ombi langu. Makala ile irekebishwe, hata kwa mistari miwili, msomaji ajue kwamba ukubwa wa nyumba siyo sharti. Na kama mnaweza, mtenge nusu ukurasa wa wikiendi muweke mchoro wa mzunguko wa sutikesi wenye vipimo, hivi nilivyovitaja hapa vinatosha kuanzia, na msomaji mwenye rula na penseli aupime kwenye sanduku lake mwenyewe. Mwandishi wenu akitaka kujionea kabla ya kuandika mimi niko tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayosema, nitabeba mwenyewe. Nahitaji meza iliyonyooka tu, soketi sihitaji.

Wenu,
Msomaji wa siku zote