S mbili za Zuhura

Tandika, Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma nikiwa bado maabara, nikaurudia kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Hilo la mama mkwe kusema selimundu ya Zuhura "imetoka kwenu" limeniuma, maana si kweli.

Mtoto ana SS, yaani nakala mbili za jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi) yenye selimundu. S moja umempa wewe, ya pili kampa baba yake. Nyinyi ni AS, yaani S moja na A moja ya kawaida, ndiyo maana hamkuwahi kuugua wala kushuku. Tofauti yenyewe ni herufi moja tu katika maelekezo ya jeni ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, lakini zikikutana S mbili, chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni hupinda kama mundu na kuziba vijishipa. Hapo ndipo mtoto analia usiku kucha.

Wala si laana. Mwenye S moja hukingwa dhidi ya malaria kali; mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954, baada ya kupima damu za watu huku kwetu Afrika Mashariki. Bibi zetu walioibeba walinusurika utotoni, wakazaa, ikatufikia.

Umeuliza mbona kijana wa jirani naye ni SS na anacheza mpira. Swali zuri sana hilo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyopindisha chembe, na baada ya kuzaliwa himoglobini hiyo huanza kupungua mwezi hadi mwezi. Wapo waliorithi jeni nyingine, kama ile iitwayo BCL11A, katika namna inayoiacha himoglobini hiyo ya tumboni iendelee kutengenezwa. Hao mara nyingi huumwa kidogo. Na ile dawa ya haidroksiyurea anayotaka daktari kumwanzishia Zuhura hufanya kazi hiyohiyo, huipandisha himoglobini ya tumboni. Usiiogope, shoga yangu.

Mkipanga mtoto mwingine, kila mimba ina kura yake: nafasi 1 kati ya 4 ya SS, bila kujali waliotangulia. Kaka yake naye apimwe. Ni mzima, lakini huenda kabeba S moja, na atahitaji kulijua hilo kabla ya kuoa.

Jumamosi asubuhi nakuja Mbagala. Baba Zuhura asitoke, na mama mkwe naye mwombe awepo, niwaeleze wote kwa heshima. Joto hili Zuhura anywe maji mara kwa mara, na akipata homa usingoje kukuche, mkimbize hospitali.

Mwenzio,
Mama Salum