Marando ya viazi lishe nayo yapandishwe kwa lori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nieleze jambo linaloniumiza kila msimu: mvua inaanza, nami sina marando, yale mashina ya viazi vitamu yanayopandwa.

Mwaka juzi ndugu yangu wa Masasi aliniletea fungu moja la marando ya viazi lishe. Nikapiga matuta manne nyuma ya nyumba. Siku nilipochemsha sufuria ya kwanza, mjukuu wangu wa miaka mitatu alikipasua kiazi, mvuke ukatoka, akaona ndani rangi ya papai bivu. "Bibi, hiki kimetiwa mafuta!" Akala viwili bila kubembelezwa. Mtoto huyo kwa ugali wa muhogo hupigiwa magoti.

Rangi ile ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 za kiazi hicho kilichochemshwa, yaani kimoja tu cha wastani, humtosha mtoto mdogo kwa siku. Muhogo wetu mweupe hauna kitu hicho, nao ndio tunaokula asubuhi na jioni. Matone ya vitamini hiyo kliniki tunayashukuru, lakini hutolewa kila baada ya miezi sita, na mtoto anakula kila siku. Ukimwekea na karanga za kusaga ni bora zaidi, maana vitamini hiyo haipokelewi vizuri mwilini pasipo mafuta.

Baadhi ya jirani zangu wanaogopa, wanasema mbegu hizi zimechezewa. Hapana. Watafiti hutia chavua ya kiazi kimoja kwenye ua la kingine, kisha huchagua kizazi baada ya kizazi. Ndivyo Robert Mwanga alivyofanya Uganda, na Maria Andrade hapo Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ambako mwaka 2011 zilitolewa aina 15 zinazostahimili ukame. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Kinachotukwamisha huku ni kiangazi. Mahindi utayaweka kwenye debe, lakini kiazi hupandwa marando mabichi, na hapa Newala kuanzia Juni hadi Novemba ardhi ni kavu kabisa. Nilijaribu kuyatunza chini ya mwembe kwa maji ya kuoshea vyombo. Oktoba yalikuwa yamebaki kama kamba za katani. Nikarudi kwenye muhogo.

Salfa, ile dawa ya mikorosho, huletwa vijijini kwa malori. Naziomba halmashauri zetu zifanye hivyo kwa marando. Wapo wakulima bonde la Ruvuma wanaolima bustani kiangazi chote. Walipwe watunze vitalu, na mvua za kwanza zikinyesha marando yakatwe na kupandishwa huku juu siku hiyo hiyo, kabla hayajanyauka. Kila mama anayepeleka mtoto kliniki arudi na fungu lake.

Matuta yangu nimeshayapiga.

Bibi mkulima,
Newala, Mtwara